Adabu ya Kukaa Pamoja: Maneno ya Kambini na Tangazo la Darasa la Yoga

Miongoni mwa kazi zinazomsumbua mfasiri ni tangazo fupi linalobandikwa mlangoni. Kitabu kizima huweza kumsitiri mfasiri wake aliyekosea mahali pamoja au pawili, maana msomaji aliyekwama ukurasa mmoja huenda akaelewa ukurasa unaofuata. Tangazo la mistari sita halina ukurasa unaofuata. Likiwa na utata, watu hulipuuza. Likisomeka kama kemeo, watu huudhika wakaenda zao. Katika makala haya twakusudia kueleza istilahi za adabu ya kukaa pamoja na wenzetu mahali pamoja, na mfano tuliouchagua ni tangazo la kanuni za darasa la yoga.

Mfano huu una sababu yake. Mwezi Desemba 2014 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kuifanya tarehe 21 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga, na siku hiyo iliadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2015. Nairobi kuna shirika liitwalo Africa Yoga Project, lililoanzishwa mwaka 2007, ambalo limewafunza vijana wengi kuwa walimu wa mazoezi hayo. Kila mahali yanapofika, mazoezi haya hufuatana na orodha ya kanuni za adabu: wapi pa kuvua viatu, wapi pa kutandika mkeka, lini kunyamaza, nani amguse nani. Kwa kawaida orodha hiyo huandikwa kwanza kwa Kiingereza. Basi tumfikirie mwalimu wa shule au ofisa utamaduni aliyeko Igunga, mkoani Tabora, aliyepewa orodha ya namna hiyo aitafsiri ili ibandikwe kwenye mlango wa ukumbi. Ashike njia gani?

Igunga hatukuitaja kwa kubahatisha. Wilaya hiyo, iliyo kati ya Nzega na mkoa wa Singida, ni nchi ya pamba, mpunga na ng'ombe, na wakazi wake wengi ni Wanyamwezi na Wasukuma, pamoja na Wanyiramba na Wataturu. Katika karne ya 19, watu wa Unyamwezi na Usukuma ndio waliochukua mabegani sehemu kubwa ya mizigo iliyopita kati ya pwani na maziwa makuu. Kwa miezi mingi walilala kambi moja na watu wa makabila mengine, wakapikiana, wakapishana njiani, wakagombana na kupatana. Watu waliopitia maisha hayo hawawezi kukosa maneno ya adabu ya kukaa pamoja. Rai yetu ni kwamba mfasiri wa Igunga ayatafute kwanza maneno hayo kabla ya kuunda mapya.

Jina lenyewe

Tuanze na jina la somo. Yoga ni neno la Kisanskriti, na asili yake ni kitenzi chenye maana ya kuunganisha au kufunga nira. Mkulima anayelima kwa maksai wawili hahitaji kuelezwa nira ni kitu gani. Wenyewe waijuao yoga hueleza kwamba yanayofungwa nira moja ni mwili, pumzi na fikira.

Twashauri neno hili libaki kama lilivyo, katika ngeli ya I-ZI: yoga hii, yoga inafundishwa, yoga yetu. Huenda mtu akashawishika kulitia kiambishi u-, kwa kufuata mfano wa uhunzi na useremala, ili lionyeshe kuwa ni fani. Ashauriwe asifanye hivyo. Akisema "darasa la uyoga", wasikilizaji wa Tabora watachukua vikapu vyao waende porini, maana uyoga wanaujua na wanaula kila mvua zinaponyesha. Vilevile kila umbo la mwili linaloshikwa katika mazoezi haya liitwe mkao, na katika wingi mikao. Neno pozi, ambalo wengine hulitumia, limekwisha beba maana ya maringo mbele ya mpiga picha, na halifai hapa.

Maneno yaliyotoka njiani

Mwezi Novemba 1857 Waingereza Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, mahali ambapo leo ni sehemu ya Tabora. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1860, Burton aliandika maneno mengi aliyoyasikia njiani, kila moja kwa tahajia yake mwenyewe: kambi, mpagazi, mnyampara, hongo, iwanza. Kwa hiyo maneno hayo yalikuwa yamezoeleka katika nchi hii kabla ya kuja utawala wa kikoloni. Mpagazi ni mtu apagaaye, yaani achukuaye mzigo begani. Mnyampara alikuwa mkubwa wa kikundi cha wapagazi, mwenye kutatua ugomvi na kugawa kazi.

Mambo matatu ya njia ile yanatufaa katika mada yetu. La kwanza ni namna misafara miwili ilivyopishana. Njia zilikuwa nyembamba, na watu walikwenda mmoja nyuma ya mwingine. Burton anaeleza kwamba viongozi wa misafara miwili walipokutana walisogeleana kwa madaha, kisha wakagongana vichwa kama kondoo dume, na watu wao nao wakafuata kwa kusukumana. Kama hapakuwa na kinyongo kati yao, jambo hilo liliishia katika kicheko, na msafara ulio dhaifu ukaupisha ule wenye nguvu. Ukiutazama mchezo huu kwa macho ya mwanalugha, utaona kwamba nafasi ya njia haikuwa mali ya yeyote kati yao. Ilipatikana kwa tendo, na tendo hilo lina kitenzi chake: kupisha.

La pili ni iwanza. Hii ilikuwa nyumba ya watu wote katika kijiji cha Kinyamwezi, mahali pa mazungumzo, kazi za mikono na mapumziko, na mgeni naye alikaribishwa humo. Kwa maelezo ya Burton, kwa kawaida kila kijiji kilikuwa na nyumba hizo mbili, moja ya wanaume na moja ya wanawake, na ile ya wanawake haikuingiwa na wageni wanaume. Basi mahali pa watu wote palikuwa na mipaka iliyojulikana na kila mtu bila ya kuandikwa ukutani.

La tatu ni hongo. Zamani hongo ilikuwa malipo au zawadi iliyotolewa kwa mtemi ili msafara upite katika nchi yake na kuteka maji yake. Ilijadiliwa waziwazi, mara nyingine kwa siku nyingi. Leo neno hilo lina maana ya malipo ya siri yapotoshayo haki, na hapana mfasiri awezaye kulirudisha kwenye maana yake ya kwanza. Twalitaja ili kukumbusha kwamba maneno ya kale hayafufuliwi kwa sababu tu ni ya kale. Lile linaloishi vinywani mwa watu ndilo lichukuliwe. Lililogeuka maana liachwe.

Reli ya kati ilipofika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, kazi ya wapagazi katika njia ile ilipungua upesi. Lakini adabu ya njiani haikufa. Leo mabasi yaendayo kati ya Mwanza na Dar es Salaam hupita Igunga, na humo ndani abiria husema yale yale: "Naomba unipishe, mama", "Sogea kidogo, kaka", "Kunradhi, mzee, nimekukanyaga". Maneno haya yanajulikana na kila mtu, toka mtoto hadi mkongwe, wala hayahitaji kamati.

Ugumu wa neno nafasi

Sasa tuje kwenye orodha yenyewe. Kanuni iliyo mama wa kanuni zote za darasa la yoga inasema kwamba kila mtu ana sehemu yake inayomzunguka, na wengine waiheshimu. Mfasiri mwenye haraka ataandika: "Heshimu nafasi binafsi ya wengine." Sentensi hii haina kosa la sarufi, lakini tuangalie itakavyosomwa.

Neno nafasi kwa Kiswahili lina kazi nyingi. Mtu asemaye "sina nafasi" ana maana kwamba hana wakati. Atafutaye "nafasi ya kazi" anatafuta ajira. "Nafasi ya mtu" katika jamii ni cheo chake. Kwa hiyo msomaji wa Igunga akiambiwa aheshimu nafasi ya mwenzake, aweza kuelewa kwamba mkuu wa idara atandike mkeka mbele na tarishi atandike nyuma, jambo ambalo ni kinyume kabisa na kusudi la kanuni. Tukiongeza neno binafsi, utata hauondoki, kwani binafsi katika matangazo ya serikali huambatana na shule, kampuni na sekta.

Mwingine ataandika "eneo binafsi". Hapo mambo yanazidi kuharibika. Eneo kwa mkulima na mfugaji ni ardhi: lina mipaka, lina mwenyewe, na likiingiliwa na ng'ombe kesi hupelekwa kwa mtendaji wa kijiji. Kulitumia neno hilo kwa mkeka uliotandikwa kwa saa moja ni kuwaingiza watu katika fikira za ugomvi kabla hawajavua viatu.

Wa tatu ataandika "faragha". Neno hili ni zuri na lina heshima, lakini faragha ni hali ya kuwa mbali na macho na masikio ya watu. Katika ukumbi wenye watu thelathini faragha haipo, na tangazo linaloahidi kisichopo halitaaminiwa katika mengine.

Tatizo la majaribio haya matatu ni moja. Yote yanatafuta nomino ya kumpa mtu umiliki wa mahali, hali Kiswahili kimezoea kulieleza jambo hili kwa vitenzi vya kutendeana: kupisha, kusogea, kujongea, kubana na kubanwa, kuachia, kuomba, kukaribisha. Ukisema "tandika mkeka wako pasipo kumbana mwenzako", kila mtu ameelewa, na tena ameelewa kwa upole, maana neno mwenzako limekwisha mkumbusha kwamba aliye kando yake ni mtu kama yeye.

Panapohitajika nomino ya kutaja umbali kati ya mkeka na mkeka, twapendekeza mwanya. Mwanya ni uwazi kati ya vitu viwili vilivyokaribiana, kama meno au mbao za mlango. Hauna mwenyewe; ni wa wote wawili walio pande zake. Ili kipimo kieleweke bila ya rula, tangazo liseme "mwanya wa mkono ulionyooshwa".

Mkeka, jamvi na msala

Kitandikwacho katika darasa la yoga kwa kawaida ni kipande cha mpira laini kinachokunjwa kama gombo. Kukiita zulia au godoro ni kupotosha. Mkeka ndilo jina lake la haki, ingawa hakikusukwa kwa ukindu, kwa sababu kazi yake ni ile ile: hutandikwa, hukaliwa au kulaliwa na mtu, kisha hukunjwa na kuwekwa. Ni kweli kwamba siku hizi mkeka umepewa maana nyingine, yaani orodha ya watu walioteuliwa katika vyeo, na pia karatasi ya mcheza kamari ya mpira. Maana hizo ni za mitaani na hazitamchanganya mtu aliyesimama mlangoni na mkeka wake kwapani.

Wasomaji wetu watofautishe mkeka na jamvi. Jamvi ni pana na hukaliwa na wengi, kama vile msibani au arusini. Haliulizwi mwenyewe ni nani. Darasa likitandikiwa turubai moja kubwa, basi hilo ni jamvi, na adabu yake ni ya jamvi: kila ajaye husogezewa. Mkeka wa mtu mmoja una adabu yake nyingine: haukanyagwi na mpita njia, na anayetaka kuukalia humwomba mwenyewe. Aidha, neno msala lisitumike kabisa kwa kazi hii. Msala ni mkeka wa kusalia, na kulihamishia neno hilo kwenye mazoezi ya mwili kutawaudhi wenye ibada yao bila ya kuwafaidi wenye mazoezi.

Neno safu nalo lahitaji uangalifu. Wengi wetu tumefunzwa safu shuleni, jeshini au msikitini. Msikitini waumini huambiwa wanyooshe safu na kuziba mianya, bega kwa bega. Katika yoga safu hunyooshwa, lakini mianya huachwa, na pengine mikeka ya safu ya pili hutandikwa mkabala wa mianya ya safu ya kwanza ili watu wainuapo mikono wasigongane. Mfasiri akiandika "pangeni safu" peke yake, wapo watakaobanana kwa nia njema kabisa. Hana budi kuongeza: "tuache mwanya".

Iko kanuni moja ambayo orodha za kigeni mara nyingi huisahau, nasi twashauri iongezwe. Wao hukataza kuukanyaga mkeka wa mtu. Kwetu, katika jamii nyingi, kumruka mtu aliyeketi au aliyelala ni utovu wa adabu ulio mkubwa zaidi. Mtu aliyekatazwa kukanyaga na asiyekatazwa kuruka aweza kuruka, akadhani ametii. Kitenzi kinachotatua mambo yote mawili ni kuzunguka: "Tuzunguke mkeka wa mwenzetu."

Salamu na ukimya

Hapa ndipo penye mgongano wa kweli. Orodha inasema: "Ingia kimya." Katika nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi, mtu aingiaye mahali penye watu asiamkie anahesabika kuwa ana kinyongo, au ana jambo baya, au hakulelewa. Asubuhi husemwa mwangaluka, na alasiri mwadila. Kijana humwamkia mzee, na mzee hungojea kuamkiwa. Mzee wa miaka sitini akiingia ukumbini na vijana wakamtazama kimya, hatajua kwamba wanatii kanuni. Atajua tu kwamba amedharauliwa, na wiki inayofuata hatakuja. Hasara hiyo yaweza kuletwa na neno moja la mfasiri.

Dawa yake ni kuitenganisha salamu na ukimya kwa mahali, na mahali penyewe ni mlango. Tangazo liseme: "Tusalimiane nje, ndani tutulie." Hivyo salamu imepewa haki yake kamili, na utulivu nao umepata wake. Tunapendelea kutulia kuliko kunyamaza, maana anayenyamazishwa ni mkosaji au mtoto, lakini anayetulia ametulia kwa hiari yake.

Aliyechelewa naye atafutiwe neno. Orodha za kigeni humwamuru angoje mpaka mwalimu amwonyeshe ishara. Kiswahili kina jozi kamili kwa jambo hili: hodi na karibu. Hodi haimpi mtu haki ya kuingia. Ni ombi, na aliye ndani ana hiari ya kujibu au kutojibu. Mlango uwe wazi au usiwepo kabisa, hodi hupigwa. Aliyechelewa asimame mlangoni, na kusimama kwake kuhesabiwe kuwa ndiyo hodi. Mwalimu akimpungia mkono, hiyo ndiyo karibu. Msomaji wa Igunga akiona maneno hayo mawili kwenye tangazo, hatahitaji maelezo zaidi.

Ruhusa, idhini na ridhaa

Mwalimu wa yoga mara nyingi humrekebisha mwanafunzi mkao wake kwa mkono: humnyoosha mgongo au kumshusha bega. Madarasa mengi siku hizi yana kanuni kwamba asifanye hivyo ila mwanafunzi awe amekubali. Kanuni hii ni nzito, na inamhitaji mfasiri achague neno moja kati ya matatu.

Ruhusa hutoka kwa mwenye mamlaka. Mwanafunzi huomba ruhusa kwa mwalimu, mtumishi kwa mkuu wake wa kazi. Idhini ni ruhusa iliyotolewa rasmi, na mara nyingi huwa na barua na mhuri. Ridhaa hutoka kwa mtu mwenyewe, juu ya mwili wake, mali yake au jambo lake. Mkuu wa shule aweza kutoa ruhusa ya darasa kufanyika ukumbini, na halmashauri yaweza kutoa idhini. Wala mkuu wala halmashauri hawawezi kumtolea mtu mzima ridhaa ya kuguswa bega. Kwa hiyo neno la haki hapa ni ridhaa. Tukiandika "mwalimu ataomba ruhusa", kosa ni dogo. Tukiandika "mwalimu ana ruhusa ya kumgusa mwanafunzi", tumeigeuza kanuni ichungulie miguu yake juu.

Tena tuangalie ukimya usigeuzwe ridhaa. Katika desturi zetu za zamani mtu aliyenyamaza alipoulizwa alihesabiwa mara nyingi kuwa amekubali. Katika darasa ambalo kila mtu ametakiwa atulie, hesabu hiyo ni ya hatari, hasa pale mwalimu ni mwanamume na mwanafunzi ni mwanamke. Wazee waliojenga iwanza mbili waliiona hatari hiyo kwa namna yao. Katika baadhi ya madarasa hutumika kadi ndogo iwekwayo kwenye pembe ya mkeka: upande mmoja una maana ya "niko radhi", na upande wa pili "siko radhi". Twapendekeza iitwe kadi ya ridhaa. Maneno niko radhi ni mafupi, ni ya Kiswahili safi, na yanasemwa na watu kila siku.

Mlalo wa mwisho

Darasa la yoga humalizika kwa watu kulala chali, macho yamefumbwa, kwa dakika kadhaa. Adabu yahitaji kwamba anayetaka kuondoka mapema aondoke kabla ya hapo, asije akawashtua wenzake kwa vishindo vya miguu. Jina la Kisanskriti la mkao huo lina maana ya mkao wa maiti, na wafasiri wa lugha nyingine wamelifuata hivyo hivyo. Sisi twashauri lisifuatwe. Maiti kwetu analazwa chali, ananyooshwa na kufunikwa, na aliyewahi kumlaza maiti wake hataki kukumbushwa hilo katika mazoezi ya jioni. Mwingine, akilikwepa neno hilo, ataandika "mapumziko ya mwisho", asijue kwamba ameangukia lugha ya tanzia. Neno linalofaa ni mlalo wa utulivu.

Sauti ya tangazo

Limebaki jambo la sauti. Tangazo lenye mistari sita ambayo yote inaanza kwa usi- husomeka kama ukuta wa gereza. Kiswahili kinatupa njia iliyo bora, nayo ni kitenzi chenye tu-: tuache, tusogee, tutulie. Umbo hili linamfunga aliyeandika pamoja na anayesoma, mwalimu pamoja na mwanafunzi. Hakuna aliye nje ya kanuni. Amri ya moja kwa moja iwekwe akiba kwa mambo ya hatari, kama umeme na moto. Kwa kufuata haya yote, twapendekeza tangazo liwe hivi:

Karibuni katika darasa la yoga.

1. Tufike mapema na tusalimiane nje; ndani tutulie.

2. Tuache viatu mlangoni, na simu tuzizime.

3. Tutandike mikeka kwa safu, tukiacha mwanya wa mkono ulionyooshwa. Mwenzetu akikosa mahali, tusogee.

4. Tuzunguke mkeka wa mwenzetu. Tusiukanyage wala tusimruke mtu.

5. Mwalimu ataomba ridhaa yako kabla ya kukugusa. Asiyekuwa radhi hakukosa adabu.

6. Aliyechelewa asimame mlangoni mpaka akaribishwe. Anayetaka kuondoka mapema aondoke kabla ya mlalo wa utulivu.

Wasomaji wataona kwamba nomino nafasi haikutumika hata mara moja, na hakuna kanuni iliyopotea. Wataona pia kwamba karibu kila neno lililomo linajulikana na abiria wa basi, muumini wa msikitini au kanisani, na bibi aliyeketi barazani. Istilahi tulizopaswa kuzieleza ni tano tu: yoga, mkao, mwanya, kadi ya ridhaa na mlalo wa utulivu; nazo zimeundwa kwa maneno yaliyokuwapo, isipokuwa yoga yenyewe na kadi, ambayo imekwisha kuwa yetu.

Faida ya zoezi hili haiishii ukumbini. Watumishi wa serikali huandika kila siku matangazo ya watu kukaa pamoja: foleni ya hospitali, chumba cha mitihani, dirisha la benki, kituo cha kupigia kura. "Heshimu faragha ya mteja aliye mbele yako" ni sentensi ambayo wengi huipita bila ya kuitii. Hawakosi adabu, hawajui tu watende nini. "Ngoja nyuma ya mstari; mwenzako anazungumza na mganga" inamwambia mtu asimame wapi, na sababu yake ni nini. Kanuni tunayoitoa ni hii: unapotafsiri adabu, uliza kwanza watu wanatendeana nini, ndipo utafute kitenzi chake. Nomino ije baadaye, kama bado inahitajika.

Tunawaomba wasomaji wetu, hasa walimu na watumishi walioko wilayani, watuletee maneno yanayotumika kwao kwa kupishana, kusogezeana na kukaribishana, yawe ya Kiswahili au ya lugha nyingine za nchi yetu. Yamkini katika vijiji vya Igunga, Nzega na Uyui yamebaki maneno ya kambini ambayo hayajaingia katika kamusi yoyote, na huenda mojawapo likawa ndilo neno ambalo mfasiri fulani analitafuta leo hii.